Pikapu ya Petroli, Roho ya Matatu

Simama pale Marikiti, Nairobi, saa kumi na moja alfajiri. Utaona Hilux ya zamani ikiingia, imebeba kabichi hadi springi zimenyooka. Kwa macho ni pikapu ya petroli, vile ilitoka kiwandani. Kwa masikio ni matatu: inagonga ka-ka-ka, inatoa moshi kidogo, halafu inatulia. Hiyo injini haikuzaliwa na hiyo gari. Kuna fundi aliyeitia hapo, na jina lake halijaandikwa popote.

Ukiuliza Mkenya historia ya kutengeneza gari hapa kwetu, atakutajia Nyayo Pioneer. Ni kweli, mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Yakaundwa magari matano, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990 kwa shangwe. Raia wa kawaida hakuwahi kuuziwa hata moja. Mimi nasema tulikuwa tunaangalia uwanjani wakati kazi yenyewe ilikuwa inafanyika kwa garage za jua kali.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila leseni zilizokuwa zinahitajika, na matatu nyingi za wakati huo zilikuwa pikapu zilizowekwa bodi na benchi nyuma. Mwaka huo huo nchi za Kiarabu zikakaza mfereji wa mafuta. Pipa lililokuwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kenya ilikuwa inanunua mafuta yote nje. Mwenye pikapu ya petroli akaanza kuhesabu kila kilima.

Dizeli ilikuwa na jibu la siku nyingi. Mwaka 1897, kule Augsburg, Ujerumani, injini ya Rudolf Diesel ilipimwa ikageuza karibu robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke zilikuwa zinahangaika na karibu sehemu moja ya kumi. Siri yake ni kubana hewa hadi iwe moto wa kuwasha mafuta yenyewe, bila plagi ya kutoa cheche. Ndiyo maana inavuta mzigo taratibu, na lita zinaenda mbali.

Shida ilikuwa kupata hiyo injini. Hilux ilianza mwaka 1968 na petroli, na pikapu ya dizeli, mpya, haikuwa bei ya mkulima. Mlango ulifunguka miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na spea za eksi-Japani zikaanza kumwagika. Matatu za Hiace nazo zilikuwa na injini za dizeli za familia ya L: 2L yenye cc 2,446 na 3L yenye cc 2,779. Toyota walikuwa wanaziweka pia kwa Hilux za dizeli. Bodi ya matatu ikiliwa na kutu, injini bado nzima, fundi anaona kitu ambacho wengine hawaoni: hii inaweza kuishi mara ya pili.

Na si ati unatoa moja unaingiza nyingine. Ile ganda inayounganisha injini na gia boksi haifanani na ya petroli, kwa hivyo mara nyingi gia boksi inakuja na injini yake. Mautingi zinakatwa na kuchomelewa upya. Propela shafti inaweza kufupishwa. Dizeli ni nzito, kwa hivyo pua ya gari inashuka hadi springi za mbele ziimarishwe. Unaongeza paipu ya kurudisha mafuta kwa tanki na waya za hita plagi. Hii yote watu walijifunza kwa kushikiliana tochi.

Lakini tusipambe. Busta ya breki kwa gari ya petroli hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwa injini. Dizeli hizi hazina huo mvuto, ndiyo maana injini za L zina kapampu kadogo nyuma ya oltaneta. Fundi asiyejua akiunganisha oltaneta ya kawaida, gari itawaka vizuri na mteja atalipa akifurahi. Halafu siku moja anateremka Mai Mahiu na mzigo, anakanyaga breki, na pedali ni jiwe.

Hapo ndipo hii historia inaniuma. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu Kenya ikisema sekta isiyo rasmi ni nguvu ya uchumi, si aibu. Zaidi ya miaka 50 baadaye, serikali bado inamkumbuka huyu fundi zaidi wakati nambari ya injini haifanani na ya logbook. Nambari lazima ikaguliwe, sawa, injini za wizi zipo. Lakini mbona hatuulizi pia kama breki zina mvuto wa hewa?

Tena sababu ya kubadilisha inapungua. Septemba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64, dizeli 200.99. Tofauti ilikuwa kama shilingi 10. Faida iliyobaki iko kwa lita, si kwa bei ya pampu, na ukiendesha kidogo huwezi kurudisha pesa ya injini. Kazi ikipungua, wanafunzi wanapungua, na wazee wanaojua kile kapampu wanazeeka.

Kwa hivyo kama mzee wako aliwahi kubadilishiwa injini, muulize leo: nani aliifanya, alikata wapi, alichomelea nini. Andika. Nyayo Pioneer iko kwa vitabu tayari. Ile Hilux ya Marikiti bado.