Ukusanyaji wa injini ndogo za petroli za zamani

Ukusanyaji wa injini ndogo za petroli za zamani ni shughuli ya kutafuta, kununua, kutengeneza na kutunza injini za silinda moja au mbili zilizoundwa hasa kabla ya miaka ya 1970. Injini hizo ziliendesha pampu za maji, mashine za kufulia, mashine za kukata nyasi, mashine za kupukuchua mahindi na jenereta. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya biashara yake imehamia kwenye minada ya intaneti, ambako mnunuzi hukadiria thamani kwa kutazama picha bila kuigusa injini yenyewe.

## Historia

Nikolaus Otto wa Ujerumani aliunda injini ya mipigo minne mwaka 1876. Injini yake ilitumia gesi. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda injini nyepesi na ya kasi iliyotumia petroli. Baada ya hapo viwanda vingi vilianza kutengeneza injini ndogo kwa ajili ya mashamba na nyumba zisizo na umeme.

Nchini Marekani, kampuni ya Briggs & Stratton ilianzishwa mjini Milwaukee mwaka 1908. Kampuni ya Maytag ya Newton, Iowa, ilitengeneza mashine za kufulia zilizoendeshwa na injini ya petroli iliyowashwa kwa kukanyaga pedali. Nchini Uingereza, R. A. Lister ya Dursley na Villiers ya Wolverhampton ziliuza injini zake hadi katika makoloni.

Umeme ulipofika vijijini, injini nyingi ziliachwa ghalani. Huko Marekani sheria ya mwaka 1936 ya kusambaza umeme vijijini iliharakisha jambo hilo. Nyingine ziliyeyushwa kuwa chuma wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa sababu hiyo, injini iliyotengenezwa kwa wingi inaweza kuwa adimu leo.

## Aina zinazotafutwa

* Injini za kuruka mpigo. Kasi inapozidi, kidhibiti mwendo huacha vali ya moshi wazi, na injini huzunguka bila kuwaka mpaka kasi ishuke. Hutambulika kwa mlio wake wa kukatikakatika. Mfano ni Model E ya John Deere.
* Injini za petroli na mafuta ya taa. Huwashwa kwa petroli, kisha zikishapata moto huhamishiwa mafuta ya taa. Baadhi ya injini za Lister za aina ya D zilikuwa hivyo.
* Injini za mashine za kufulia. Maytag Model 92 ina silinda moja na Model 72 ina silinda mbili. Zote ni za mipigo miwili, kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli.
* Injini nyepesi za alumini. Zilienea kuanzia miaka ya 1950. Bado zipo nyingi, hivyo bei yake kwa kawaida ni ndogo.

## Kutambua injini

Kazi ya kwanza ni kusoma kibati cha namba. Katika injini za Briggs & Stratton za mfumo wa namba uliokuja baada ya vita, tarakimu za mwanzo za namba ya modeli huonyesha ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo. Modeli inayoanza na 8 katika kundi la 80000 ina takriban inchi 8 za ujazo, yaani kama sentimita za ujazo 130. Namba ya tarehe hupangwa kwa mwaka, mwezi na siku: inayoanza na 640715 ni ya tarehe 15 Julai 1964.

Vibati vya kuiga huuzwa kwa ajili ya matengenezo, hivyo kibati peke yake si ushahidi. Namba hulinganishwa na umbo la kabureta, tangi na gurudumu zito (flaiwili).

## Kukadiria thamani

Mambo yanayoangaliwa zaidi ni haya:

1. Ukamilifu. Magneto, kabureta na kidhibiti mwendo vikikosekana, kuvipata kunaweza kugharimu kuliko injini yenyewe.
2. Uhalisi. Wakusanyaji wengi hupendelea rangi ya kiwandani iliyochakaa kuliko rangi mpya inayoficha nyufa.
3. Hali ya ndani. Injini inayozunguka na kuonyesha mgandamizo ina thamani kuliko iliyokwama kwa kutu.
4. Nyufa. Katika nchi za baridi, maji yaliyoachwa ndani ya injini huganda na kupasua chuma.
5. Uadimu. Umri pekee hautoshi. Injini ya mwaka 1920 iliyobaki kwa wingi inaweza kuwa rahisi kuliko ya mwaka 1950 iliyotengenezwa kidogo.

Kipimo cha kuaminika ni bei ambazo injini kama hiyo imekwisha kuuzwa. Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu.

## Kununua mnadani

Tovuti ya eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, ilieneza utaratibu wa mzabuni kuweka kikomo cha siri. Mfumo humwongezea bei kadiri inavyohitajika tu ili awapite wengine. Kwa mfano, mtu akiweka kikomo cha dola 150 na mpinzani wake akaishia dola 90, atalipa kidogo juu ya dola 90, si 150. Kwa hiyo ni busara kuamua kikomo mapema na kutokipandisha kwa hasira ya mashindano.

Kabla ya kutoa zabuni, mnunuzi huomba picha za kibati, plagi na pande zote za silinda, na kuuliza kama injini inazunguka. Neno "iliwaka zamani" halithibitishi chochote.

Nauli ni sehemu ya bei. Injini ya chuma cha kalibu ni nzito, na lazima petroli na oili vimwagwe kabla ya kusafirishwa. Kwa anayeingiza bidhaa Tanzania, ushuru wa forodha hukokotolewa kwa kujumlisha bei, bima na nauli. Injini ya bei ndogo inaweza hivyo kuwa ghali sana ikifika nyumbani.

## Nchini Tanzania

Katika Nyanda za Juu Kusini, injini ndogo ni chombo cha kazi. Njombe na Makambako, pamoja na maeneo yake kama Mjimwema, zimo katika ukanda wa mbao, chai na mahindi, ambako misumeno ya mnyororo, pampu na jenereta hutumika sana. Injini ikizeeka, fundi huichomoa spea zinazofaa, na mabaki huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Alumini huyeyushwa kutengeneza sufuria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalenga hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Injini zote za petroli ni za baadaye. Hivyo kubaki kwa injini iliyosukuma maji ya misheni au ya shamba la mkoloni hutegemea mwenye nayo. Kupiga picha kibati na kuandika ilitumika wapi na kwa kazi gani hakugharimu kitu, na huhifadhi historia ambayo mizani ya chuma chakavu haiipimi.

## Usalama

Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo injini isiwashwe ndani ya chumba. Gaskiti za zamani zinaweza kuwa na asbesto na hazifai kukwaruzwa zikiwa kavu. Masizi ya injini zilizotumia petroli yenye risasi yana sumu. Magurudumu mengi ya zamani hayana kinga, na nguo pana hunaswa kwa urahisi.

## Tazama pia

* Injini
* Petroli
* Mkoa wa Njombe