Nani Alishika Rula?

Mwaka 1810 mwanamke mmoja wa Kikhoikhoi, Sara Baartman, alipakiwa melini Cape Town akapelekwa London. Kule Piccadilly watu walitoa pesa zao kuyatazama makalio yake, kama vile mtu anavyolipa kumwona simba. Lakini kilichowanyima usingizi wataalamu wa Ulaya hakikuwa makalio. Wasafiri walikuwa wameshavumisha kwamba wanawake wa kabila lake wana "aproni" ya nyama huko chini. Machi 1815, mjini Paris, Georges Cuvier na wenzake walimsimamisha mbele yao wamchunguze na kumchora. Alivua nguo, ila sehemu ile aliificha. Akagoma, bwana!

Mwisho wa mwaka huo akafa, na maiti haigomi. Cuvier akaipasua akakuta midomo ya ndani ya uke, mirefu kuliko aliyoizoea. Basi, siri yote ndiyo hiyo. Akaikata na kuitia chupani, pamoja na ubongo. Nelson Mandela aliomba arudishwe. Ufaransa ikakubali mwaka 2002, na tarehe 9 Agosti mwaka huo Sara akazikwa Hankey, Afrika Kusini.

Ndugu msomaji, usigeuze ukurasa kwa aibu. Ninaandika riwaya, na mhusika wangu ni binti anayetamani kufanyiwa upasuaji wa kupunguza midomo hiyo. Nilipoanza kutafuta chanzo cha tamaa yake, nikajikuta kwa Cuvier. Kabla mtu hajakatwa, sharti kwanza awepo wa kumwambia kuwa amezidi.

Na kuzidi ni kwa nani? Rwanda kuna gukuna: wasichana hufundishwa kuivuta midomo hiyo irefuke. Uganda, kwa Wabaganda, kazi ya kumfunda binti ni ya ssenga, yaani shangazi, na kuvuta kumo katika masomo yake. Huko ufupi ndio unaomtia mwari wasiwasi. Kiungo ni kilekile. Mwenye kwenda Kigali na mwenye kwenda Paris hawawezi kukubaliana, na mimi siwaamini wote wawili pale wanapomlazimisha mtoto.

Upasuaji wenyewe una umri mdogo. Mwaka 1984 madaktari Hodgkinson na Hait walichapa makala katika jarida la upasuaji wa kurekebisha maumbile, wakieleza jinsi ya kupunguza midomo hiyo kwa ajili ya sura. Mwaka 1998 Gary Alter akaonyesha njia nyingine: badala ya kupunguza ukingo wote, hukatwa kipande mfano wa kabari, kisha pande mbili zikashonwa pamoja.

Sababu za wanaokwenda si upuuzi zote, nisionekane ninawacheka. Wapo wanaochubuka wakiendesha baiskeli au wakivaa suruali ya kubana. Wapo waliozaliwa upande mmoja ukiwa mrefu sana kuliko mwingine, na wengine walibadilika baada ya kujifungua. Halafu kuna kundi ambalo haliumwi popote: limeona picha, likajilinganisha. Hapo ndipo ninapotia shaka. Kisu kina gharama zake hata mikononi mwa bingwa: damu, usaha, nyuzi kuachia, kovu linalouma, kufa ganzi mahali ambapo hakuna mwanamke anayetaka ganzi. Na kilichokatwa hakiotи tena. Mwaka 2007 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitoa tamko kwamba usalama na manufaa ya upasuaji wa aina hii havijathibitishwa.

Mwaka 2005 ndipo madaktari wa London walipofanya jambo ambalo ningedhani lilifanyika zamani sana: walipima. Wanawake 50. Upana wa midomo ya ndani ulianzia milimita 7 ukafika 50. Saba mpaka hamsini! Wote hao hawakuwa na ugonjwa wa sehemu hiyo.

Sheria nayo ina vituko vyake. Tanzania ilipiga marufuku kuwakeketa wasichana wa chini ya miaka 18 mwaka 1998, Uganda ikatunga yake 2010, Kenya 2011. Uingereza ina sheria ya 2003, lakini inaruhusu upasuaji ulio wa lazima kwa afya ya mwili au ya akili. Kwa hiyo ngariba wa kijijini atafungwa, na ni haki yake, ila mwenye koti jeupe anaweza kuingia na kisu kupitia mlango wa akili. Mwaka 2015-16 wasichana zaidi ya 200 wa chini ya miaka 18 walifanyiwa upasuaji huu katika hospitali za umma za Uingereza, na zaidi ya 150 kati yao hawajatimiza miaka 15. Katika umri huo midomo hiyo bado inakua, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine.