Kuitia pampu majira

Fundi analegeza nati za pampu, anaishika kwa mikono miwili na kuisogeza kidogo tu, unene wa ukucha hivi, kisha anakaza na kumwambia utingo apige stata. Injini ya lori inakohoa, inatulia. "Taimingi ilikuwa nyuma," anasema, akifuta mikono.

Vitabuni utakuta "wakati wa kudunga mafuta". Mimi silipendi. Kudunga ni kazi ya sindano. Nozeli haitoboi kitu, inanyunyiza dizeli kama ukungu katika hewa iliyobanwa ikapata moto wa kuiwasha bila plagi. Na "wakati" wenyewe hapa haupimwi kwa saa, unapimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki, tuseme digrii 12 kabla pistoni haijafika juu kabisa.

Neno tunalo: majira. Watu walikuwa wakitia saa majira, yaani kuirekebisha iende sawasawa, na chombo baharini nacho kina majira yake. Ndani ya neno hilo mna wakati na mna mkono unaorekebisha. Basi napendekeza majira ya unyunyizaji, na fundi wetu aseme ameitia pampu majira. (Najua ataendelea kusema taimingi. Asemavyo anaeleweka.)

Majira yakiwa mbele, mafuta huwaka mapema, joto na mgandamizo hupanda, lori likala dizeli kidogo. Lakini joto hilo ndilo linaloziunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani zikawa oksidi za nitrojeni. Ukirudisha nyuma, oksidi hupungua, masizi na ulaji wa mafuta vikaongezeka. Ndiyo maana kumsifia mtu kwamba gari lake halitoi moshi si kusema kwamba ni safi.

Zile chupa ziuzwazo kama "dawa ya dizeli", ambazo ningeziita viongezi, baadhi zina nitrati inayopandisha namba ya setani, kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka. Dizeli nzito kuwaka hujikusanya kwanza, kisha hulipuka kwa mpigo mmoja, ukasikia injini ikigonga. Kiongezi hufupisha kule kungoja. Nozeli inayovuja hakiiponyi, na pampu iliyosogea hakiirudishi mahali pake.

Siku hizi mwenye kutia majira ni kompyuta. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilimaliza kwa maelewano shauri dhidi ya watengenezaji saba wa injini za malori. Tuhuma ilikuwa kwamba injini zilifaulu vipimo vya maabara, kisha kwenye barabara kuu, mwendo ukishatulia, kompyuta ikasogeza majira mbele kubana mafuta. Oksidi zikamwagika kupita kiwango, na aliyekuwa nyuma ya lori asingeweza kuziona.