Kengeleni: Kitongoji cha Mombasa Kilichojengwa na Waliokombolewa

Mpenzi msikilizaji, ukipanda matatu katikati ya mji wa Mombasa na kuvuka daraja la Nyali kuelekea pwani ya kaskazini, haupiti muda mrefu kabla ya makanga kuita: "Kengeleni!" Abiria hushuka, wengine hupanda, na gari likaendelea na safari ya Kisauni au Bamburi. Wachache miongoni mwao hugeuza shingo kuitazama kengele iliyokipa kituo hicho jina lake. Ingali pale kando ya barabara.

Kitongoji kinachoizunguka kengele hiyo chaitwa Freretown. Katika makala yetu ya leo tunaitazama historia yake, na kuuliza swali moja: ni nani hasa aliyekijenga?

Jina lenyewe lamwelekeza mtu kwa Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshawishi Sultani, Seyyid Barghash bin Said, apige marufuku biashara ya watumwa. Frere aliondoka bila ya kupata saini. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huo huo, baada ya balozi mdogo John Kirk kutoa kitisho kwamba manowari za Kiingereza zingekizingira kisiwa. Usafirishaji wa watumwa baharini ukakatazwa na masoko yao yakafungwa.

Hapo likazuka tatizo jingine. Manowari zilikuwa zikiyakamata majahazi na kuwaweka huru watu waliokuwamo, lakini watu hao wangepelekwa wapi? Wengi walikuwa wametekwa mbali bara, huko kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na kwingineko. Vijiji vyao vingine vilikwisha teketezwa, na njia ya kurudi ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya misafara ya watumwa. Kwa miaka mingi waliokombolewa walipelekwa ng'ambo, wakiwamo watoto waliofikishwa Bombay, nchini India. Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, akapendekeza yaanzishwe makazi yao kwenye pwani ya Afrika yenyewe.

Jumuiya ya kimisionari ya Kanisa la Uingereza, CMS, ikalipokea wazo hilo. Mwaka 1875 Mchungaji William Salter Price alianzisha makazi hayo upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kuyapa jina la Frere. Mwenye jina hakupata kuishi hapo.

Hadithi husimuliwa mara nyingi hadi hapa na kuachwa, kana kwamba Freretown ilikuwa zawadi tu iliyotolewa na wageni. Lakini, msikilizaji, Price hakuanza kazi peke yake. Walikuwapo Waafrika waliomtangulia.

Hao walijulikana kama Waafrika wa Bombay. Walitekwa wakiwa watoto, wakakombolewa baharini, wakalelewa India na kusomeshwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nashik, shule aliyoisimamia Price huyo huyo. Walifunzwa kusoma na kuandika, na pia kazi za mikono. Mwaka 1864, miaka 11 kabla ya Freretown kuzaliwa, baadhi yao walirejeshwa Afrika Mashariki na kupelekwa Rabai kuisaidia misheni. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Wengine walifuata baadaye, akiwamo Matthew Wellington, Myao kwa asili, mmoja wa wale walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Wellington aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935.

Watu hawa ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wa makazi mapya. Waliwapokea watu walioshushwa kutoka melini wakiwa wagonjwa, wenye njaa na wasioelewana lugha, na Kiswahili kikawa ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwatawaza Jones na Semler kuwa mashemasi. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Aliyeurudisha pwani msafara uliobaki alikuwa William Jones, mtu aliyewahi kuuzwa utotoni.

Hata hivyo, maisha ya Freretown hayakuwa ya raha. Kengele iliita watu kanisani na shuleni, na masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba ilipigwa pia kuwaonya wakati wa hatari. Wenye watumwa wa Mombasa walikasirishwa na watoro waliokimbilia misheni. Mwaka 1880 kulikuwa na hofu ya kweli kwamba kitongoji kingeshambuliwa. Na ndani ya misheni yenyewe, adhabu kali walizopewa wakazi, zikiwamo za viboko, zilizua malalamiko na uchunguzi. Waliokwisha kuwa huru waligundua kwamba uhuru nao ulikuwa na bwana wake.

Huko Rabai, watoro walizidi kuongezeka hadi suala likafikishwa mbele ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni ikawalipa fidia wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Yafaa kukumbuka kwamba watu hao walikuwa wamekwisha jikomboa kwa miguu yao kabla ya hati kuandikwa. Yafaa pia kukumbuka kwamba, ingawa Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya haikufutwa hadi mwaka 1907.

Kutoka kitongoji hiki kidogo yalichipuka mambo makubwa. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa hapa mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St Paul's. James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo, aliandika kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichochapishwa mwaka 1934. Wapo wasomi wanaokilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lakini ni nadra kuipata habari hii ikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye wazee wake waliyapitia mambo hayo.

Na wapenzi wa redio watalitambua jina hilo. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa Kenya na wa kipindi "Je, Huu ni Ungwana?", alikuwa wa ukoo huo. Alifariki dunia mwezi Februari 2025.

Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na lile la zege mwaka 1980. Mji ukavuka maji. Majumba, maduka na soko kubwa la Kongowea vimeyazunguka makazi ya zamani, na wazao wa waliokombolewa sasa ni wachache kati ya majirani wengi. Mtu akiwauliza kwao ni wapi bara, wengi hawana kijiji cha kumtajia. Kwao ni hapo.

Huenda ndiyo maana jina la Kengeleni lina uzito wake. Freretown lilitoka kwa wakubwa, likamtukuza mkubwa. Kengeleni lilitoka midomoni mwa watu walioisikia kengele ile ikilia, wakajua maana yake, wakatoka nje.

Basi nawe msikilizaji, uwapo Muscat, London au Minneapolis, siku utakapokwenda nyumbani Mombasa na makanga akaliita jina hilo, shuka kidogo uitazame. Na kama una mzee aliyekulia mitaa hiyo, muulize leo, wala usingoje safari.