Mgeni Aliyepewa Jembe

Wazee wetu wana mithali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapa Mikese twaijua sana mithali hiyo, maana tumekaa kwenye njia itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, na wageni hawaishi kupita. Lakini mithali haisemi neno juu ya siku ya nne. Mgeni akiisha kulima, naye akalima vema, je, amekuwa mwenyeji, au angali mgeni? Swali hilo lilipata kuulizwa na nchi nzima ya Tanganyika. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi lilivyojibiwa, kwa habari za mkulima mmoja aliyepata kuwa waziri, jina lake Derek Bryceson.

Bwana huyu alikuwa Mwingereza, lakini alizaliwa katika nchi ya China mwaka wa 1922. Vita Kuu ya Pili ilipotokea alikuwa rubani wa ndege za vita. Hata kabla hajatimiza miaka ishirini ndege yake ilipigwa ikaanguka, naye akaumia vibaya uti wa mgongo. Waganga wakamwambia kwamba hatatembea tena. Akajizoeza mwenyewe, polepole, mpaka akaweza kwenda kwa kutegemea fimbo. Vita ilipokwisha akasoma elimu ya kilimo katika chuo cha Cambridge, kisha mwaka wa 1947 akaja Kenya kulima. Baada ya miaka michache akaingia Tanganyika, akapata shamba la ngano katika nchi iliyo chini ya mlima Kilimanjaro.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa habari za mkulima ni habari za ardhi. Siku zile ardhi ya kaskazini ilikuwa na machozi. Mwaka wa 1951 Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapata elfu tatu katika nchi yao ya Engare Nanyuki, ili ipewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka wa 1952 Bwana Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akawashitakia watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Huku kwetu Uluguru nako watu walishurutishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, wakachoka nayo, hata mwezi wa Julai 1955 kukatokea fujo kule Matombo, na mtu mmoja akauawa. Basi mlowezi aliyelima Tanganyika miaka ile, hata kama yeye mwenyewe hakumfukuza mtu, alilima mbele ya macho ya watu wenye uchungu.

Mwaka wa 1954 chama cha TANU kilikuwa kimekwisha kuanzishwa. Mwaka wa 1956 kikaanzishwa chama kingine, UTP, kilichopendwa na Gavana na kufuatwa na walowezi wengi. Ndipo ukatangazwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, nao ulikuwa na masharti mazito. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na aliyekosa kufanya hivyo kura yake iliharibika. Tena hakuruhusiwa kupiga kura ila mtu mwenye elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Mkulima wa jembe la mkono aliachwa nje.

Wengi katika TANU walitaka kuukataa uchaguzi huo. Mwezi wa Januari 1958 wakakutana Tabora, wakashindana kwa maneno, mwisho wakakubali kuingia, na kuwatafuta Wazungu na Waasia watakaosimama upande wao. Bryceson alikuwa mmoja wa Wazungu hao. Angaliweza kukaa shambani mwake kimya, au kuandamana na wenziwe. Yeye akachagua kusimama na watu waliodai uhuru, akashinda. Mwaka wa 1959 akafanywa Waziri wa Madini na Biashara.

Nasi tusidhani ya kwamba jambo la mgeni na mwenyeji lilikuwa la rangi ya ngozi tu. Katika uchaguzi ule ule wa 1958, katika Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake, Waafrika wawili walishindana. Mmoja ni Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru, naye alikuwa miongoni mwa walioanzisha TANU. Wa pili ni Julius Nyerere, Mzanaki, aliyetoka mbali karibu na ziwa Victoria. Wapiga kura wakamchagua Nyerere.

Uhuru ulipokaribia, swali likarudi kwa ukali zaidi. Mwezi wa Oktoba 1961 sheria ya uraia ililetwa barazani, na wajumbe wengine wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akakataa kabisa, akasema kwamba yu tayari kuacha kazi kuliko kukubali neno hilo. Sheria ikapita bila kutazama rangi. Bryceson akawa raia, na katika miaka iliyofuata akashika kazi za uwaziri, wa afya na wa kilimo.

Lakini hayo yote yaliamuliwa na wakubwa. Wananchi wenyewe waliulizwa mwezi wa Septemba 1965. Sasa yale masharti ya elimu na mapato yalikuwa yameondolewa. Kila mtu mzima alikuwa na kura yake, hata bibi asiyejua kusoma. Chama kilikuwa kimoja, lakini katika majimbo mengi watu wawili walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Watu walichagua bila woga. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyewaongoza wakulima wa pamba wa Mwanza katika vyama vyao vya ushirika, alishindwa. Bryceson alisimama Dar es Salaam, akashinda. Na hapa Morogoro mjini watu walimchagua Amir Jamal, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, mwaka ule ule wa 1922. Hakuna aliyewalazimisha kumpa Mzungu au Mhindi kura, kama mwaka wa 1958. Waliwatazama kwa kazi zao.

Mwaka wa 1972 Bryceson akawekwa kuwa mkuu wa hifadhi za taifa, na Mikumi yetu, iliyofanywa hifadhi mwaka wa 1964, ikawa chini ya uangalizi wake. Mwaka wa 1975 akamwoa Bibi Jane Goodall, mchunguzi wa sokwe wa Gombe. Akafa kwa ugonjwa wa saratani mwezi wa Oktoba 1980, na majivu yake yakatiwa katika Bahari ya Hindi.

Je, maisha ya mtu mmoja yalifuta machozi ya Engare Nanyuki? La, na asiwepo mtu wa kutuambia hivyo. Deni la ardhi halilipwi kwa wema wa mkulima mmoja. Lakini wale waliopiga kura mwaka wa 1965 waliyajua machozi hayo kuliko sisi, kwa kuwa walikuwako. Nao, wakiwa na sababu ya kumkataa, walimpima kwa kazi yake wakamkubali. Hivyo ndivyo walivyojibu habari za siku ya nne. Na sisi, katika kamati zetu za shule, za maji na za ushirika, tunapomchagua mtu, twauliza kwanza nini: ametoka wapi, au amelima nini?