Yaliyoandikwa Nyuma ya Picha

Katika nyumba za watu wa mwambao, tangu Lamu na Mvita hata Unguja na Kilwa, aghalabu hapakosi kasha au mkebe wa biskuti uliowekwa juu ya kabati, na ndani yake, pamoja na hati za mashamba na vyeti vya ndoa, mna picha za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Siku ya arusi au ya matanga mkebe huteremshwa, jamaa wakazikusanyikia zile nyuso, wakabishana pua hii imerithiwa na nani na kofia ile ilishonwa wapi. Kisha picha hurudishwa mahali pake bila ya mtu kuzigeuza. Nami husikitika kila nionapo hivyo, kwa kuwa uso hausemi jina lake, na yule aliyeituma picha, kwa kulijua hilo, alichukua kalamu akaandika nyuma yake maneno mawili matatu ili ajulikane na watakaokuja. Nasi ndio hao tuliokuja, na maneno yake hatuyasomi.

Fani ya picha haikuchelewa kufika kwetu. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Wagoa walikuwa wamekwisha fungua nyumba za kupigia picha mjini Unguja, na majina ya A. C. Gomes na ya akina Coutinho yangali yakisomeka, kwa chapa nzuri ya herufi za Kizungu, kwenye makadi magumu ambayo picha za zama zile zilibandikwa juu yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliirithi baadaye. Chapa za studio ni msaada mkubwa kwa mwenye kutafuta tarehe, na hata karatasi yenyewe husema, kwa kuwa picha nyingi zilisafishwa juu ya karatasi ya postikadi, na postikadi ya Kiingereza yenye mstari wa kati nyuma yake, upande mmoja wa salamu na upande wa pili wa anwani, haikuruhusiwa kabla ya mwaka 1902. Lakini chapa ni ya mwenye duka; ya mwenye picha ni yale aliyoyaandika kwa mkono wake.

Na mkono huo, kwa watu waliozaliwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia, aghalabu uliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo walizofunzwa chuoni tangu utotoni. Hapo ndipo kazi inapoanzia. Herufi hizo zimeumbwa kwa sauti za Kiarabu, nacho Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina, basi waandishi wetu wa kale wakazipitisha mlango wa jirani: p wakaiandika kwa be, v kwa fe, g kwa ghaini, ch kwa shini, i na e wakazipa alama moja, kadhalika u na o, na ile m au n inayotangulia herufi nyingine, kama katika mb na nd, wengi hawakuiandika kabisa, kwa kuwa msomaji alikuwa anaijua lugha na ataijaza mwenyewe. Wanavyuoni wa Mvita waliuona upungufu huo, na Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, na baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walijitahidi kuzizidishia herufi alama ili kila sauti ya Kiswahili ipate yake; lakini mtu aliyesimama kwenye meza ya posta na picha mkononi, meli ikingoja, aliandika kama alivyozoea.

Tunayo picha moja nyumbani isiyozidi upana wa kiganja. Watoto watatu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi za nyumba ya kifahari, na mdogo wao ameshika kiti kwa mikono miwili kama aogopaye kuanguka. Nyuma pana mistari mitatu ya wino uliogeuka rangi ya kutu, na mstari wa pili nilikuwa nikiusoma tangu ujana wangu, bila ya shaka yoyote, “watoto wa bibi”. Neno la mwisho ni be, ye, be, nalo halikutiwa irabu. Ukiitia kisra be ya mwisho, umesoma bibi. Lakini ukiitia fataha, na be ya kwanza ukaihesabu kuwa ni p, na ile m iliyomezwa ukairudisha mahali pake, umesoma Pemba. Mifupa ya neno ni ile ile. Kilichopungua ni kijistari kimoja, juu au chini, ambacho mwandishi hakuona haja ya kukitia, kwa sababu yeye na aliyemwandikia waliwajua watoto wale ni kina nani.

Wino wa kutu namna hii hufifia lakini hauondoki wote. Ipeleke picha dirishani jioni, mwanga uipitie kwa ubavu, na hata palipoandikwa kwa penseli iliyokwisha futika utaona mfereji ulioachwa na ncha yake. Usitie maji, wala usipanguse kwa kidole kilicholowa, hasa penye ile kalamu ya zambarau iliyopendwa sana maofisini, kwani tone moja hulivujisha neno zima. Na iliyogandishwa kwenye albamu usiibandue kwa nguvu, maana gundi huondoka na maandishi.

Kisha anza na usichohitaji kukisoma. Wazee walikuwa watu wa taadhima, na salamu zao zilikuwa na njia moja: ila jenabi fulani, baada ya salamu, hii ni kwa ukumbusho. Maneno hayo unayajua kabla ya kuyaona, basi yatazame kwa ajili ya umbo na si kwa ajili ya maana: vipi mtu huyu huikunja mimu yake, wapi huziweka nukta, je, re yake hushuka au hulala. Ukiisha kuujua mkono katika maneno uyajuayo, ndipo uende nao kwenye jina usilolijua. Majina ya Kiarabu hayasumbui sana, kwa kuwa tahajia yake ni moja tangu Muskati hata Ngazija. Yanayosumbua ni ya kwetu wenyewe, majina ya mitaa na ya utani, na zaidi ya wanawake, ambao mara nyingi hawakutajwa ila kwa mama fulani au watu wa nyumbani. Hata palipoandikwa kwa herufi za Kizungu usijione umesalimika, kwani kabla ya tahajia kusanifiwa kila mtu aliandika kama alivyofunzwa na mwalimu wake, na aliyesoma kwa Wajerumani aliandika Daressalam kwa neno moja.

Katika tarehe ndimo wengi wanamopotea. Kwanza, katika hati ya haraka, tarakimu ya Kiarabu ya 3 hutoka na jino moja tu, ikafanana na 2 ya vitabuni. Pili, mwaka ni wa Hijra, na ili kuugeuza utaitoa sehemu yake moja katika 33, kisha utaongeza 622. Hivyo 1354, toa 41, ongeza 622, ni 1935. Tatu, wazee wetu wengi hawakuandika Shawali wala Muharamu bali waliihesabu miezi tangu Ramadhani kwisha, mfungo mosi, mfungo pili, hata mfungo tisa, ilhali mwaka wenyewe huanza mfungo nne. Kwa hiyo mfungo sita wa 1354 ulikuwa Juni ya 1935, na mfungo mosi wa mwaka huo huo ukaja baadaye, mwishoni mwa Disemba. Asiyelijua hilo ataupanga ukoo wake kinyume. Nao usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, kwa kuwa siku yetu huanza jua likichwa.

Baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kutawala Oman mwaka 1970, jamaa nyingi za Unguja na Pemba zilihamia Muskati, na shangazi yangu akawa miongoni mwao. Nilipokwenda kumzuru niliichukua ile picha. Macho yake yalikuwa yamekwisha ingia utando, basi akampa mjukuu wake, kijana aliyezaliwa huko, ambaye herufi anazisoma kama maji lakini Kiswahili chake ni cha kuombea chai.

“Bibi, hapa umeandikwa wewe,” akasema. “Watoto wa bibi.”

“Mimi siku hizo sikuwa bibi wa mtu, mwanangu. Nitajie herufi.”

“Be, ye, be.”

“Na chini yake?”

Akaileta karibu na taa. “Mfungo mosi, 1354.”

Shangazi akanyamaza kidogo, vidole vyake vikiipapasa ile kadi kwenye ncha. “Pemba,” akasema. “Hao ni watoto wa Pemba, ambao marehemu baba aliwaleta wasome, wakakaa kwetu mwaka mzima. Yule mdogo alikuwa akilia usiku ataka kurudishwa Wete. Na hiyo ilikuwa ni Idi. Tazama nguo zao.”

Nikaigeuza picha. Katika kanzu za wote watatu, kifuani na magotini, mikunjo ya kitambaa kipya ilikuwa ingali ikionekana.