Glavu za Ngumi Zilivyoanza kwa Wanafunzi

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alijifananisha na mpiga ngumi asiyepiga hewa. Wakorintho walimfahamu upesi, maana michezo mikubwa ya Wayunani ilifanyika karibu na mji wao. Wapiganaji wa Kiyunani walijifunga mikanda ya ngozi mikononi, wakapigana bila raundi, mpaka mmoja ashindwe kabisa au ainue kidole kukubali kushindwa. Nasi twawaona vijana wakiutamani mchezo huu na wazazi wakiuogopa. Basi yafaa tueleze jinsi mwanafunzi wa ngumi alivyopata kulindwa.

Katika karne ya kumi na nane, mjini London, watu walipigana kwa mikono mitupu, na watazamaji wakawekeana fedha za kamari. Bingwa wa siku zile alikuwa Jack Broughton, ambaye zamani alikuwa mpiga makasia katika mto Thames. Yasimuliwa kwamba George Stevenson, aliyepigana naye, alikufa baadaye kwa majeraha, na Broughton akahuzunika sana. Tarehe 16 Agosti 1743 zikatolewa sheria saba zilizoitwa kwa jina lake. Aliyeanguka asipigwe, wala mtu asishikwe chini ya kiuno. Na aliyepiga magoti ahesabiwe kuwa ameanguka. Alipewa nusu dakika arudi katikati, asipoweza, ameshindwa.

Mwaka 1747 Broughton alitangaza shule yake ya ngumi huko Haymarket. Wanafunzi aliowataka walikuwa waungwana, nao hawakupenda kurudi nyumbani wenye macho yaliyovimba na taya zilizovunjika. Kwa hiyo akawavika glavu. Lakini mabingwa wenyewe waliendelea kupigana kwa mikono mitupu zaidi ya miaka mia, kana kwamba glavu ni kitu cha wanaojifunza tu.

Hata mwaka 1867 zikatangazwa sheria mpya, zilizoandikwa na John Graham Chambers na kuitwa kwa jina la mkubwa mmoja wa Uingereza, Marquess wa Queensberry. Glavu zikaamriwa kwa wote. Raundi ikawa dakika 3, pumziko dakika 1, na aliyeanguka akapewa sekunde 10 asimame. Mieleka ikakatazwa. John L. Sullivan wa Marekani alishinda pigano kuu la mwisho la ubingwa kwa mikono mitupu mwaka 1889. Lakini mwaka 1892, mjini New Orleans, akiwa amevaa glavu, alishindwa na James J. Corbett katika raundi ya 21. Hivyo desturi ya wanafunzi ikawa sheria ya mabingwa.

Walakini tusidanganyike. Glavu hulinda vidole na ngozi ya uso. Ubongo bado hutikisika ndani ya kichwa, na mapigo mengi huudhuru hata baada ya miaka. Kwa hiyo kijana anayeanza na apimwe kwanza na daktari. Kisha ajifunze kusimama, kusogeza miguu na kujikinga, apige mfuko siku nyingi kabla ya kupambana na mwenzake. Na mzazi amtazame mwalimu: je, husimamisha pambano mara aonapo mwanafunzi amelegea? Asiyefanya hivyo, tusimkabidhi watoto wetu.